Hajatoka, Hajaingia

Siku aliyoondoka mume wangu nilikuwa nafua nyuma ya nyumba, povu hadi kwenye viwiko. Ilikuwa Jumanne na jua lilishapanda. Alitokea mlangoni amevaa shati la kijivu na suruali ya kiraia. Kofia yake ya kazi aliiacha juu ya friji, kama alivyofanya kila alipokuwa anavuka, maana askari wa huku haruhusiwi kukanyaga kule akiwa na sare.

"Mama Watoto, naenda kwa Jirani mara moja. Kuna lori wamelikamata, nikaangalie namba ya chesisi."

"Mara moja yako naijua. Ya juzi ilirudi chakula kimelala."

"Leo nawahi. Niwekee maji ya kuoga."

Akarudi ndani kuchukua simu. Nikasikia kitu kikianguka jikoni, nikamsikia akijilaumu, na baada ya kitambo mlango wa mbele ukafungwa. Sikuinua kichwa. Kola za sare za shule zilikuwa zinanisumbua.

Tulikaa mji wa mpakani. Barabara ya kwetu ilishuka kupita mafundi wa kuchomelea na vibanda vya kadi za simu, ikafika getini, na upande wa pili ikaendelea na mafundi na vibanda vilevile. Mume wangu alikuwa sajini kwenye dawati la magari ya wizi. Utaratibu wa zamani ulitaka taarifa ya gari lililoibwa huku ipande hadi makao makuu yetu, ivuke hadi makao makuu yao, kisha iteremke hadi kituo chao, ambacho mimi nilikiona nikianika nguo. Ikifika, gari limeshakuwa vipuri. Kwa hiyo yeye na mwenzake wa kule wakaanza kupigiana simu. Mwenzake huyo ndiye tuliyemwita Jirani. Wakubwa walijua, na walisifu.

Getini wawili hao hawakugongewa mihuri. Askari aliinua mkono, akasema "Pita, afande," nao wakapita. Jirani alikuja kwetu hivyohivyo siku za mapumziko, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha.

"Shemeji, nimekuja kuangalia kama huyu anakulisha," angesema.

"Ananilisha, lakini nyinyi wa kule mnamkondesha," ningejibu. "Mnaiba mno."

"Tusipoiba atakamata nini? Tunamlindia ajira!"

Wanangu walimpenda. Mdogo alikuwa akimpekua mifuko kutafuta pipi.

Miezi ya mwisho mume wangu alipunguza maneno. Jioni moja tukiwa tunakula alisukuma sahani.

"Nikimtumia namba ya gari asubuhi, wakienda kulitafuta jioni wanakuta limepakwa rangi nyingine. Magari ambayo namba zake sijamtumia, ndiyo yanapatikana."

"Labda wezi wana bahati."

"Bahati gani hiyo yenye ratiba?"

"Umemuuliza?"

"Nitamuuliza. Lakini si kwa simu. Mtu nimekula naye, nataka nimwone usoni."

Kwa hiyo Jumanne ile nilijua anaenda kufanya nini. Yeye alisema lori, nami nikakubali iwe lori.

Maji ya kuoga yalipoa. Nikayapasha tena, yakapoa tena. Simu yake iliita mara moja, kisha ikawa haipatikani. Kulipokucha nilikwenda kituoni. Mkuu wa kituo alinikaribisha kiti na kuagiza niletewe soda. Wake za askari hatuagiziwi soda kituoni bila sababu.

Alimwita mtu wa kompyuta. Wakaangalia.

"Mama, kwenye mfumo mumeo hajatoka nchini."

"Atatokaje kwenye mfumo, afande, na nyinyi hupita kwa kuinuliwa mkono?"

"Naelewa. Lakini mimi nikiandika kwamba alivuka, nitaulizwa muhuri uko wapi."

Wa kule waliulizwa. Wakajibu kwamba hajaingia. Nilieleza alivyovaa, shati la kijivu na suruali nyeusi, akatangazwa hivyo pande zote mbili.

Jirani alikuja mwisho wa juma. Nyumba ilikuwa imejaa, mama mkwe amekaa chini ameegemea ukuta, wifi yangu yuko jikoni. Alivua viatu. Hakukaa kwenye kiti chake, alikaa mkekani karibu na mama mkwe na kumshika mkono.

"Mama, hakufika. Nilimngoja mpaka nikachoka. Nimewaambia vijana wangu wote, mkimwona mtu mrefu, shati la mistari, nipigieni hata nikiwa nimelala."

"La kijivu, baba," mama mkwe akamsahihisha. "Alivaa la kijivu."

"La kijivu, ndiyo. Nimechoka, mama, sijui nasema nini."

Alilia. Machozi niliyaona mwenyewe. Nilimpa maji, akanywa, akanishukuru.

Alipoondoka, wifi yangu aliusogeza mtungi wa gesi ili afagie. Nyuma yake kulikuwa na shati, limekunjamana. Akalileta sebuleni ameliinua kwa vidole viwili.

"Wifi, hili ni la kaka?"

Lilikuwa la kijivu, lina chai iliyokaukia kifuani. Nikakumbuka kile kilichoanguka jikoni. Nikaenda chumbani nikafungua kabati. Shati lake la mistari ya buluu halikuwepo, kitundikio kilikuwa kitupu. Alikuwa amebadilisha na kutoka kwa mlango wa mbele, na mimi mkewe sikumwona. Mtu pekee aliyejua shati alilokuwa nalo alikuwa amelia nyumbani kwangu nusu saa kabla.

Mama mkwe alilichukua shati, akalikunja taratibu kama linalotoka kwa dobi.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Nisipomwambia mtu, mama, tutampataje?"

"Mwanangu ameshakufa. Nataka mahali alipolazwa, lakini nawataka na hawa waliobaki."

Sikumsikiliza. Asubuhi nilikwenda kwa mkuu wa kituo na shati kwenye mfuko. Nikaeleza yote, lori, rangi za magari, mistari ya buluu. Aliandika mwenyewe, nikasaini. Alikuwa na haraka ya mtu aliyepata kitu.

"Hili ni zito, mama. Na una bahati, mambo yameboreshwa. Zamani lingepanda na kushuka miezi mitatu. Sasa kuna makubaliano, dawati kwa dawati. Nabonyeza hapa, wenzetu wanalo."

Akabonyeza. Nilimshukuru. Nilitembea kurudi nyumbani nikihisi kwa mara ya kwanza kwamba miguu ni yangu. Nilikuwa nimefika kwa mafundi wa kuchomelea simu ilipoita.

"Shemeji," Jirani akasema. "Maelezo yako nimeyapata. Umejieleza vizuri sana."

Cheche zilikuwa zinaruka mbele yangu.

"Lile la shati nilikosea tu, si ndiyo? Mtu akifiwa... yaani akipotelewa na rafiki, anachanganyikiwa. Sijakasirika. Watoto hawajambo? Yule mdogo bado anapita hapo kwa mafundi akitoka shule? Mwambie ajihadhari na zile cheche. Zinaharibu macho."

Nilirudi kituoni mbio. Mkuu wa kituo alisikiliza akiangalia meza.

"Dawati lao ni yeye, mama. Yeye ndiye aliyeteuliwa."

"Basi mpelekee mkubwa wake."

"Nimeshampigia ulipotoka tu hapa, nilipoona limemfikia yeye. Mkubwa wake amejibu vizuri kabisa. Amesema suala limekabidhiwa kwa ofisa anayehusika."

"Ambaye ni yeye."

Alinirudishia mfuko wangu na shati.

Jioni ileile wanangu waliondoka na mama mkwe. Wanasoma kwake sasa, mbali na huku, na sitasema ni wapi. Mdogo aliniuliza kama Jirani atawafuata na pipi. Bibi yake alimziba mdomo kwa kiganja.

Mwaka huu ofisi ya pamoja imefunguliwa palepale getini. Ina milango miwili, wa huku na wa kule, na ndani ni chumba kimoja. Walikuja wageni, bendi ikapiga, utepe ukakatwa. Mgeni wa heshima alisema kuanzia siku hiyo mhalifu hatakuwa na pa kujificha, kwa kuwa majirani sasa wanazungumza. Mume wangu hakutajwa. Kwenye mfumo hajatoka, na kule hajaingia, hivyo hakuna aliyepotea akiwa kazini. Nilisimama nyuma ya uzio na watu wengine. Jirani aliniona, akainua mkono kama wanavyoinuliana getini.

Faili la mume wangu limehamishiwa ofisi hiyo. Utaratibu wake ni kwamba ndugu wa aliyepotea lazima apige simu kila mwezi kuuliza. Asipouliza, faili linafungwa, na likifungwa hakuna atakayeendelea kutafuta, si mtu wala kaburi. Namba ya simu ni moja kwa nchi zote mbili.

Kila mwezi napiga. Anayepokea ni Jirani.