Maziwa ya Mwisho

Mama alinifundisha hesabu moja tu, na imenilisha miaka yote: kilo kumi za maziwa, kilo moja ya jibini. Kwetu Lubero hata mtoto anaijua. Ndiyo maana siku lita ishirini za mzee Zacharie, Tonton kama tunavyomwita, ziliponipa jibini la kilo moja na nusu, damu ilinichemka.

Zacharie ni mtu wa mtoni, kwao Isangi, ambako hawafugi. Ufugaji wa ng'ombe alijifunzia Yangambi, alikofanya kazi ujanani, na sasa anafuga watatu nje ya mji, kwenye njia ya Masako. Kila asubuhi huleta bidoni yake ya maziwa hapa mjini, Makiso, kwa baiskeli. Sina mwingine wa kuniuzia maziwa mabichi, na bila yeye sina kazi.

Niwe mkweli: mizani ilimtetea. Lita ishirini za maziwa safi huzidi kilo ishirini kwa nusu kilo na kidogo, na ukitia maji uzito unashuka. Nilipima, haukuwa umeshuka. Lakini mimi hasira ikinipanda sisikii la mwadhini wala la padri. Nilimngojea pale Fanny anapouzia chai, mbele ya wateja, nikamwambia:

"Tonton, unatiaka maji mu maziwa. Uko mwizi."

Alinitazama kidogo, akasema mizani ni yangu mwenyewe, akapanda baiskeli.

Aliendelea kuniletea maziwa, bila neno zaidi ya salamu, na jibini liliendelea kupungua. Baada ya wiki mbili nilipanda pikipiki alfajiri nikamkuta akikamua. Nilitaka kumshika na maji mkononi.

Hakukuwa na maji. Alikamua ng'ombe mmoja, na kiwele kilipoanza kulegea akaacha, akamfungulia ndama. Ndama alikuwa mbavu tupu, miguu inatetemeka. Nilimuuliza kwa nini anaacha maziwa ndani.

"Ile ya mwisho ndiyo iko na mafuta," alisema. "Naachiaka mutoto. Wawili walishakufa mwaka huu."

Nilikaa juu ya gogo. Kwetu wanaume ndio hukamua, wanawake hupokea ndoo mlangoni. Miaka ishirini na mitano natengeneza jibini, na sikuwahi kushika chuchu ya ng'ombe. Maziwa ya kwanza hayana mafuta mengi, kwenye mizani yanaonekana mazima, kwenye jibini yanakuaibisha. Mzee alijua. Mimi nilijua hesabu tu.

Alidhani nimekuja kudai. Akasema kwa upole kwamba nikitaka, kesho atanikamulia mpaka tone la mwisho. Nilimtazama yule ndama akinyonya huku macho ameyafumba, nikakataa. Nilimwambia nitageukia yaourt, maziwa ya mgando: lita moja ya maziwa inatoa lita moja, haidai mafuta mengi. Kisha nikamwomba msamaha, na maneno yalitoka kwa shida kuliko matusi.

"Bon, imeisha," alisema.

Nikamuuliza wateja wengine anawapelekea lita ngapi siku hizi. Alifunga bidoni kwanza.

"Ni wewe tu, Mama Mbambu. Wengine waliacha."

Sikuwa na haja ya kuuliza tangu lini: ni tangu siku ile kwa Fanny.

Nilirudi mjini, nikaenda moja kwa moja kwa Fanny. Nilimwinamia nikamweleza kwamba maziwa ya mzee ni safi, kwamba kosa lilikuwa langu. Fanny aliendelea kusuuza vikombe.

"Siku ulimuita mwizi, sisi wote tulisikia," alisema. "Leo unasemea mimi mu sikio."

Benchi zote zilikuwa zimejaa. Watu wa toleka, zile teksi za baiskeli, walikuwa wakinywa chai, na mke wa mwalimu aliyekuwa akinunua lita mbili za Zacharie kila siku alikuwepo pia. Nikasimama, nikasema kwa sauti ile ile ya siku ile:

"Tonton Zacharie hatiake maji. Mwenye kukosa ni miye."

Wote wakageuka kunitazama. Mke wa mwalimu akaniuliza kama nina hakika safari hii. Nikamjibu ndiyo, nikabaki nimesimama mpaka aliponiamini.