Nusu Kichwa

"Inama, mama," msusi alisema, akakibana kichwa cha mke wa mwenyekiti wa kijiji katikati ya magoti yake.

Lori la mchanga likapita. Kioo kilichoning'inia kwenye nguzo kikatetemeka, vumbi likaingia chini ya bati bila hodi, likatua juu ya rasta za kusukia, juu ya kopo la mafuta, juu ya alama nyekundu ya X iliyopakwa juzi ubavuni mwa kibanda. Mke wa mwenyekiti alikohoa.

"Fanya haraka, mwanangu. Saa nane washauri wanakabidhi ripoti yao, na mimi nakaa mbele kabisa."

"Utakaa, mama."

Vidole vya msusi vilikuwa vyepesi siku zote, lakini leo vilikuwa na jambo. Alichora njia kwa ncha ya kitana, akashika nywele chache, akavuta mpaka ngozi ya paji la uso ikapanda. Mteja huyu ndiye aliyesema msibani, sahani mkononi, "Lakini na huyo mtoto naye alikuwa na papara." Alisema kwa sauti ya chini, ila mfiwa husikia hata kisichosemwa. Mtoto mwenyewe ni Kidoti, mdogo wake msusi, aliyekuwa akikaa hapa hapa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akimchambulia dada yake rasta. Alivuka kwenda kuchota maji. Lori likatokea kwenye kona.

Baada ya hapo wanakijiji walidai matuta, madereva wapunguze mwendo, basi. Serikali ya kijiji ikasema mambo hayaendi kwa kukurupuka, ikaita washauri waelekezi. Wakaja na viatu vinavyong'aa, wakajifungia ofisini, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Fungu la barabara likaishia kwao. Kisha wakaitwa washauri wengine wawakague wale wa kwanza, na fungu la zahanati nalo likaondoka. Sasa ripoti imekamilika, na maneno yake yamevuja kabla haijasomwa: kinacholeta ajali ni vibanda vya kando ya barabara. Vibomolewe. Matuta hayamo.

Msusi alifunga msuko wa mwisho wa upande wa kushoto. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimefumuliwa, zimesimama wima kama zimeona jini. Akaweka kitana chini, akakunja mikono.

"Vipi tena?"

"Upande huu sitaki kukurupuka, mama. Naita mshauri."

Mke wa mwenyekiti alicheka kidogo, akidhani ni utani. Msusi alishageukia kibanda cha pili.

"Shoga, hebu njoo uniangalizie kichwa hiki."

Muuza mkaa, mwanamke mnene asiyekosa neno, alikuja akijifuta mikono kwenye kanga. Alielewa kabla hajafika. Akakizunguka kile kichwa, mikono nyuma, akaguna kisomi.

"Kazi nzito hii. Bila chai sifungui mdomo."

"Mama ataagiza," msusi alisema. "Kichwa si chake?"

Wateja kwenye benchi walianza kuficha vicheko ndani ya kanga zao. Chai ikaletwa. Muuza mkaa aliinywa polepole, akipuliza, mpaka akaona kitako cha kikombe. Ndipo akatoa ushauri: nywele za kulia zina matatizo kwa sababu ziko kulia.

"Mwanangu, muda unakwenda."

"Muda upo, mama, mbona sisi tumengoja mwaka. Sasa nimwite fundi viatu, amkague muuza mkaa."

"Huyo mpe soda," muuza mkaa alidakia. "Ni mtaalamu wa juu, chai inamshusha hadhi."

Fundi viatu alikuja na sindano yake nyuma ya sikio. Alikitazama kichwa kwa mbali, kama mtu aliyeonyeshwa nyoka, akanywa soda, akacheua kwa adabu.

"Mimi ninavyoona, kinacholeta fujo ni masikio. Yamesogea mno karibu na nywele. Yaondolewe."

Benchi zima likaangua kicheko. Mke wa mwenyekiti hakucheka. Mabega yake yalikuwa yameshuka.

"Ni kwa sababu ya yule mtoto," alisema. "Nisuke, mwanangu. Nitaongea na mume wangu."

"Ulishaongea, mama. Msibani nilikusikia."

Simu ya mke wa mwenyekiti ikalia, na sauti ya mumewe ikasikika mpaka kwa muuza mkaa: "Uko wapi wewe? Wageni wameshakaa."

"Nimalizie basi. Nakuomba."

"Ushauri haujakamilika."

Mke wa mwenyekiti alisimama, akajitanda mtandio, akatoka.

Ofisi ya kijiji ilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Turubai lilikuwa limefungwa uwanjani, wageni wamekaa kwenye viti vilivyovishwa vitambaa. Malori yalikuwa yanarudi machimboni matupu, na yakiwa matupu ndiyo huwa na wazimu. La kwanza lilipita na upepo wake, ukamvua mtandio, ukauburuta mpaka katikati ya lami. La pili likaukanyaga.

Watu wote chini ya turubai waligeuka. Nusu ya kichwa inang'aa kwa mafuta, nusu imetimka. Hiki ndicho msusi alichokiomba tangu msiba: mwanamke huyu aonekane, achekwe, akose pa kujificha. Akangoja kicheko kimpande. Hakikuja.

Mwenyekiti alikuwa akimpungia mkewe mkono, njoo, njoo, huku macho yake yako kwa wageni. Mkewe akashusha mguu kwenye lami, akaurudisha. Akaushusha tena, honi ikalia kwenye kona, akaurudisha. Alikuwa amesimama palepale aliposimama Kidoti, na hapakuwa na wa kumwambia avuke lini.

Msusi alijikuta ametoka kibandani, yuko nyuma yake. Mke wa mwenyekiti hakugeuka. Macho yalimtoka, ameyakaza kwenye kona. Ila mkono wake wa kushoto uliachana na mwili taratibu, ukanyooka pembeni, vidole wazi, kama wa mtoto anayesubiri kushikwa avushwe.

Msusi aliutazama ule mkono. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa bado vinateleza mafuta. Lori lilikuwa linakuja.