Sauti ya Wifi Iliyotundikwa Mtini

Kitendawili! Haya, itikieni: tega. Ninaye punda asiye na miguu. Mpandishe maneno mazito yaliyomshinda mtu kubeba, naye atayafikisha ng'ambo, na mwenye mzigo hatahisi kitu. Ni nani huyo?

Umesema upepo? Kaa chini. Wewe umesema redio? Wewe nawe! Basi nipeni mji. Mmenipa Moshi? Haya, Moshi nina ndugu, naupokea. Jibu ni mahadhi ya wimbo. Na msidhani nimelitunga hilo kwa kujisifu. Huyo punda nimemwona kwa macho yangu, na miguu hana kweli.

Lakini kwanza mjue nililala na nini moyoni.

Wifi yangu Naetwe, dada wa marehemu babu yenu, ndiye sauti ya pili katika kwaya yetu ya akina mama, huku kwetu milimani Upare. Mimi ni sauti ya kwanza. Tumeimba pamoja tangu tukiwa na meno yote. Masika yaliyopita alimzika mwanawe, Elineema, na siku ile pale kaburini akafumba mdomo. Hajaimba tena. Kuongea anaongea: chumvi anaomba, mbuzi anawatukana. Kuimba, hapana.

Tumemwendea na maneno ya kila aina. Mchungaji alikuja na maneno. Akina mama walikuja na "jikaze". Mimi mwenyewe jana jioni nilisimama uani nikamwuliza, "Wifi, Jumapili utaimba?" Akaendelea kupepeta maharage yake kana kwamba nimewauliza kuku. Swali likabaki palepale uani, mimi nikaenda kulala. Na niwaambie ukweli, kwaya ingepata mtu mwingine. Mimi nisingepata. Sisi wawili tukiacha kuimba, tutabaki kuombana chumvi tu mpaka mmoja wetu afe.

Usiku wa jana, basi, nikiwa nimelalia ubavu wa kushoto, niliota niko mbele ya lango la hekalu, mchana kweupe, nimeshika kikapu. Bawabu wa lango ni pembe la kondoo dume. Limevaa koti la kijani lenye vifungo.

"Hodi," nasema.

"Hodi haifungui kitu hapa," pembe linanijibu. "Hapa watu huingia kwa kuimba. Tena wimbo uwe mpya."

"Mimi nina shida tu, nataka kuuliza."

"Shida nazo huimbwa. Panga foleni."

Mbele yangu kuna pampu ya baiskeli. Pembe linaiuliza, "Una pumzi?"

"Ninayo," inasema pampu, "ila si yangu. Naipokea, naitoa."

"Ndivyo ilivyo kwa wote. Pita."

Pampu inaingia ikisifu: fyuu, fyuu.

Anayefuata ni mzee mmoja wa kanisa, amevaa tai. "Mimi wakati wa nyimbo huwa natafuta miwani yangu," anaeleza. "Nasubiri neno lenyewe lianze."

"Basi subiri," linasema pembe, na kumwonyesha benchi. Kwenye benchi wameketi wazee wengine wengi, wote wanapapasa mifuko.

Zamu yangu ikafika. Nikaimba wimbo tuliouimba Pasaka. Pembe likaunusa, likatikisa kichwa. "Huu umevaliwa. Una jasho kwenye kola." Nikafikiri, kisha nikatoa kilichokuja mdomoni: nimekuja na kikapu, ee Bwana, kilichomo sikijui. Pembe likanusa tena.

"Huu bado unatoa mvuke. Pita, mama. Ila humo ndani usipige chafya ovyo. Kuna ukuta wa mji mmoja uliwasikia babu zangu wakilia kwa pamoja, ukalala chini. Haujaamka mpaka leo."

Nikaahidi kwamba sitapiga chafya.

Ndani ya hekalu ni jikoni kwangu, ila jiko lina ukubwa wa uwanja wa mpira. Sakafuni zimekaa beti za zaburi, nyingi sana, kila moja imekumbatia magoti yake.

"Mbona hamwendi?" naziuliza.

"Tu wazito," inasema iliyo karibu. "Mimi ndani yangu kuna kilio cha mtu aliyelowesha kitanda kwa machozi. Nani ataninyanyua kwa mikono?"

Hapo ndipo punda anakuja. Msiniulize anakujaje bila miguu, anakuja. Beti zinapanda mgongoni, moja baada ya nyingine, na kila inayopanda inaacha kulalamika. Nikamshika sikio.

"Punda, unatembeaje?"

"Miguu ni ya wanaosikiliza," akasema. Nikatazama chini. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unagonga sakafu wenyewe, wala sikuutuma.

Kati ya beti mbili, juu ya kigoda, ameketi Sela anakunywa uji. Nilimjua mara moja. Ni lile neno dogo linalosimama peke yake katikati ya zaburi, ambalo hata wachungaji hulikwepa kama wanavyomkwepa mbwa aliyelala njiani.

"Shikamoo," nikamwamkia, maana anaonekana wa zamani.

"Marahaba. Keti, tunyamaze kidogo."

Tukanyamaza. Uji nao ukaacha kutoa moshi.

"Samahani," nikasema baadaye, "kazi yako hasa ni nini?"

"Ndiyo hiyo tumetoka kuifanya."

"Kumbe! Na watu wanakuelewa?"

"Wengine hunitamka kwa nguvu, wakidhani ni jina la msichana."

Nikaona huyu ni mtu wa kuambiwa. "Nina wifi yangu, Naetwe. Amenyamaza tangu masika. Yuko kwako?"

Akachungulia chini ya kigoda, akaangalia na ndani ya bakuli. "Hayupo. Kwangu hunyamaza mtu anayejua kwamba wimbo unaendelea. Huyo wako kamtafute mtoni, kule walikotundika vinubi."

Alipomaliza kusema hivyo kigoda kikawa jiwe, jiko likawa ukingo wa mto. Mto wenyewe unapiga makofi, umelowa mpaka viwikoni.

"Unampigia nani?" nauuliza.

"Niliambiwa nipige. Sikuambiwa niache."

Kando ya mto iko miti, na mitini vimetundikwa vinubi, kama mnavyotundika mahindi ya mbegu darini. Kimoja kikongwe kikanikaribisha kwa jina la ubini, jambo lililonipendeza.

"Poleni," nikasema. "Nani amewatundika?"

"Watu waliochukuliwa mateka kutoka kwao. Walikuwa wakilia hapa, na waliowateka wakawaambia, hebu tuimbieni kidogo, tuchangamke. Wakaona heri watutundike."

"Na ninyi hamkuwanunia?"

"Tuwanunie kwa nini? Wimbo wa kulazimishwa hauna mwenyewe. Aliyetutundika hakututupa, mama. Kuna tofauti."

Pembeni yake, kwenye tawi la chini, nikaiona sauti ya Naetwe. Niliijua kabla haijageuka. Rangi yake ni ya chai ya maziwa, nzito kidogo, na ina kile kikwaruzo cha chini kilichotokana na moshi wa kuni. Imefungwa tawini kwa uzi, fundo la mtu aliyekusudia.

"Sauti," nikaiambia, "Jumapili utakuja?"

Kimya.

"Kwaya inakuhitaji."

Kimya.

"Jikaze, basi."

Ikanigeuzia mgongo.

Kinubi kikakohoa. "Mama, wewe umeimba sauti ya kwanza tangu usichana, na bado unauliza hivyo? Hii ni sauti ya pili. Haianzi. Unaweza kuisemesha mpaka jioni, kwa hekima na kwa vitabu, itakutazama tu. Sauti ya pili huitika wimbo."

"Lakini ana majonzi. Nikianza kuimba mlangoni kwake, si ataona namdhihaki?"

"Bibi yangu alipelekwa kwa mfalme aliyesumbuliwa na roho mbaya," kikasema kinubi. "Washauri walikuwa wamejaa nyumba nzima. Bibi hakumshauri kitu. Hakumwambia ajikaze. Alipigwa nyuzi taratibu, mfalme akapumua. Hayo ndiyo yote aliyoyafanya, na mpaka leo anatajwa."

"Na nikianza, isipoitika?"

"Utakuwa umeimba peke yako. Mto huu unapiga makofi peke yake. Umeusikia ukilalamika?"

Mto ukapiga makofi kwa nguvu zaidi, ili isionekane unalalamika.

Basi nikaweka kikapu chini. Fundo lilikuwa gumu, kucha hazikulifungua, kisu sina. Nikalishika kwa meno. Uzi ulikuwa mchungu kama mwarobaini. Nikatafuna, nikatafuna, na kinubi kikanihesabia mapigo ili nisichoke, mpaka ukakatika. Sauti ya Naetwe ikaanguka majanini, ikajikung'uta kama kuku aliyetoka mvuani, ikashika njia ya mlimani. Haikusema ahsante. Haikuaga. Sikushangaa, ni ya Naetwe.

Jogoo akawika, nikaamka.

Mdomo ulikuwa mchungu. Nikapitisha ulimi, nikahisi kitu kimenasa kati ya meno mawili ya upande ule ninaotafunia. Nikakivuta. Ni uzi mweupe, mgumu, mrefu kama kidole. Katani. Sasa katani hulimwa kule chini tambarare. Kwangu hamna hata kamba yake, mbuzi wangu nawafunga kwa kamba za mgomba. Nikauweka dirishani ukauke.

Sikungoja chai. Nikajifunga kanga, nikaenda mpaka kwenye ua unaotenganisha nyumba zetu. Naetwe alikuwa amechuchumaa upande wake, anapuliza moto wa kuni mbichi, moshi umemmeza kichwa na mabega. Sikumsalimu. Sikumwuliza kitu. Nikaanzisha wimbo wetu wa mavuno, ule ambao mstari wa kwanza ni wangu peke yangu, na wa pili ni wake peke yake.

Nikafika mwisho wa mstari wangu, nikanyamaza.

Alikuwa ameacha kupuliza. Moto ulilia tii, tii, kama kuni mbichi zinavyolia. Kuku walipita kati yetu, wakarudi. Niliona mkono wake ukiushika upindo wa kanga, ukapanda nao usoni, ukakaa huko. Nami nikakaa nilipo, mguu wangu wa kulia unagonga udongo.

"Wewe wifi," Naetwe akasema kutoka ndani ya moshi, "umeanzia juu mno. Unataka kunipasua koo asubuhi yote hii? Shusha, niingie."