Mama Alikataa Kuniachisha Ziwa

Nilizaliwa mwaka 1974 nikiwa na kilo nne na nusu, katika kijiji kimoja cha ujamaa jirani na Mpui. Watu walikuja kunitazama kama boga la maonyesho. Mama yangu, Luciana, aliijua sababu ya ukubwa wangu. Mimba ikiwa na miezi saba, mkojo wake ulipimwa hospitalini Sumbawanga ukakutwa na sukari. Tangu siku hiyo alipunguza ugali, akaacha togwa, akazidisha maharage na mboga za majani mpaka nikazaliwa.

Siku ya tatu baada ya mimi kuzaliwa, bibi yangu Kalista, mama yake baba, alileta kopo la maziwa ya unga kutoka dukani kwa Mzee Halfani mjini.

"Luciana, maziwa yako yana sukari. Yatamharibu mtoto. Mpe haya."

"Ahsante, mama," mama alijibu. "Lakini nesi Silvana wa hospitalini amesema ninyonyeshe, ni vizuri kwa mtoto na kwangu pia. Haya tutie kwenye chai sisi wakubwa."

Bibi hakuongea naye siku mbili. Mama akaendelea kunyonyesha.

Tatizo la pili lilikuwa shamba la kijiji. Eustaki, msimamizi wa zamu, hakutaka mtu aache tuta lake katikati ya kazi, hata kwa kunyonyesha. Mama akanyoosha mkono kwenye mkutano wa kijiji.

"Ndugu mwenyekiti, tunaambiwa ujamaa ni watu. Huyu mgongoni ni mtu. Anakula mara nyingi kwa siku, na chakula chake ninacho mimi. Au Ndugu Eustaki atamnyonyesha?"

Wanawake walicheka mpaka mwenyekiti naye akashindwa kujizuia. Juma lile lile kilijengwa kibanda cha nyasi pembeni mwa shamba kwa ajili ya wanaonyonyesha. Mimi nilinyonya miaka miwili na miezi mitatu.

Nesi Silvana alikuwa amempa mama agizo jingine: kila mwaka arudi apimwe sukari, na shingo ipapaswe, kwa kuwa rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, lilikuwa jambo la kawaida huku kwetu Ufipa. Mama hakukosa hata mwaka mmoja.

Mwaka 1977 mwili wake ulibadilika kabla siku yake ya kupimwa haijafika. Alichoka asubuhi kabla hajashika jembe. Alivaa sweta jua likiwaka. Sauti ilikwaruza, na chini ya koo pakavimba.

"Nilisema," bibi alilalamika. "Mtoto amemnyonya mpaka nguvu zimemwisha."

Baba yangu, Adolfu, alimtazama mama kwa hofu.

"Inawezekana, mama," mama alisema. "Nitakwenda kuuliza wanaojua."

Alipanda lori la mahindi mpaka mjini. Daktari alimpapasa shingo, akahesabu mapigo ya moyo, akamgonga goti kwa kinyundo. Damu ilipelekwa mbali kupimwa. Baada ya majuma sita majibu yalirudi: tezi ya shingo ilikuwa inafanya kazi kivivu. Angemeza kidonge kila asubuhi.

"Daktari, ni kwa sababu nilinyonyesha?"

"Hapana. Kunyonyesha hakuhusiki na kulegea kwa tezi hii. Tena sukari yako iko sawa mwaka wa tatu sasa, na huenda kunyonyesha kumesaidia. Mengi bado hatuyajui. Lakini mama aliyewahi kupata sukari ya mimba asiache kupimwa, na wewe hukuacha, wala hukungoja siku yako ifike. Ndiyo maana tumeliwahi hili."

Kabla ya mvua za Novemba mama alikuwa amerudi kuwa yule yule. Sweta lilikwenda sandukuni, na Eustaki akishindana naye kulima matuta hakumpata.

Ndipo asubuhi moja bibi Kalista akaingia jikoni, akafunga mlango, akafungua kanga aliyokuwa akiizungusha shingoni miaka yote. Rovu lilikuwa kubwa kama ngumi.

"Nilikuwa naona aibu," alisema. "Utanipeleka?"

"Leo hii, mama," mama alimjibu, akaanza kuninawisha uso tuondoke wote watatu.