Mama Keren na Mpira wa Congo

Katika miaka ishirini na moja ya ndoa yetu, mke wangu Pierrette hakuwahi kutazama mpira hata nusu saa. Mpira ulikuwa ugonjwa wangu, ndivyo alivyopenda kusema, na alinitibu kwa kunituma kuchota maji. Kwa hiyo Desemba ile, Congo ilipocheza na Benin katika Kombe la Afrika kule Moroko, nilikaa peke yangu mbele ya televisheni yetu ndogo hapa Kabuta, upande wa Zambia, yeye akiwa nyuma ya nyumba anageuza samaki juani. Nilipopiga kelele za goli alikuja mlangoni kunigombeza. Akakwama hapo hapo, mkono mdomoni.

"Papa Keren," akasema. "Ule mutoto. Njo yeye, Keren wetu."

Walikuwa wanaonyesha mashabiki wa Congo. Katikati yao msichana mmoja alisimama juu ya kiti, amepakwa rangi za bendera usoni, anapiga kelele huku ameziba masikio yake mwenyewe kwa viganja. Paji la uso pana, meno ya mbele yameachana. Nami nilimwona, na moyo ulinipasuka, maana Keren wetu alikuwa hivyo hivyo, anapenda kupiga kelele lakini hataki kuzisikia.

Keren ni binti yetu wa pekee. Mwaka 2017, tulipokimbia vita, tulivuka ziwa Mweru kwa mitumbwi miwili. Wa kwanza ulijaa. Mimi mwenyewe nilisema apande wa pili na dada yangu Priscille, tutaonana ng'ambo. Wetu ulifika. Wa pili tuliusubiri kambini Kenani miezi mitano. Wengine walisema ulizama, wengine kwamba uligeuza ukarudi Congo. Nilikwenda mpaka Puta, kando ya ziwa, kuuliza, na hakuna aliyeona mtu wala maiti.

Sasa niseme jambo ambalo mke wangu hakulijua. Nilipomwona yule msichana nilifurahi kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha nikahesabu. Tulimpoteza Keren akiwa na miaka kumi na mmoja. Huyu wa kwenye kioo alikuwa na miaka hiyo hiyo, na tangu siku ile ya ziwa imepita minane. Kule kufanana kwenyewe ndiko kulikonihakikishia kwamba si yeye.

Sikusema. Niiteni mwoga, nimekubali. Lakini mwanamke ambaye kwa miaka minane alikula kama anayemeza dawa alikula sahani nzima jioni ile, akaniuliza kundi ni kitu gani, na Congo inacheza lini tena. Nikajiambia kwamba nitamweleza Congo ikifungwa.

Congo haikufungwa. Ilitoka sare na Senegal, na msichana akaonekana kwa sekunde moja tu, pembeni kabisa. Iliifunga Botswana mabao matatu na hawakumwonyesha hata kidogo. Pierrette akamtukana mpiga picha wa Moroko, yeye na ukoo wake wote. Kanisani aliomba Congo iombewe. Mchungaji alidhani ni siasa.

"Mupira ikiisha, bale batu bataenda kwabo," aliniambia. "Tutamuonea wapi tena? Congo sharti ishinde."

Alikuwa na mpango. Jirani yetu Rodwell, Mzambia anayeuza sabuni, ana simu inayopiga picha safi, na timu yake ilikuwa imeshatolewa, kwa hiyo alikuwa na nafasi. Rodwell angempiga picha msichana kwenye kioo. Kesho yake Pierrette angeipeleka kwenye ofisi ya wakimbizi, waandike barua Moroko.

Siku ya mechi na Algeria mawingu yalitanda tangu asubuhi. Paneli yetu haikupata jua na betri ilijaa nusu tu. Mvua ikaanza, Pierrette akatoka nayo, akarudi na Rodwell, Rodwell amebeba betri ya kwake kichwani. Tulifunga mlango. Rodwell akakaa kwenye ndoo, simu ameielekeza kwenye kioo kama anayelenga ndege, na Pierrette akamkatalia hata chai asije akaiweka chini.

Dakika tisini hazikuleta goli. Mashabiki walionyeshwa mara mbili, wanaume tu. "Ba mayo, mkono unakufa," Rodwell akalalamika, akimwita mama kwa heshima ya Kibemba. Mke wangu alimshika kiwiko akakiinua, na hakukiachia tena.

Ukaja muda wa nyongeza. Hapo nikapatwa na jambo la aibu: nilisahau hesabu yangu. Nilipiga magoti kwenye mkeka, nikampigia kelele kipa, nikamwomba Mungu atupe penalti, na katika akili yangu Keren alikuwa kule uwanjani, kweli kabisa, na sisi tulikuwa tunamrudisha nyumbani mpira kwa mpira. Nilimshika Pierrette mkono wa pili. Ulikuwa na baridi ya samaki.

Ilipobaki kama dakika moja tufikie penalti, Algeria ikafunga.

Pierrette aliniuliza kama goli linaweza kukataliwa. Nikasema hapana. Kipenga kikalia, Algeria wakarukiana, na ndipo mpiga picha akawageukia walioshindwa. Nilikuwa nimesahau hilo, kwamba wanaolia huonyeshwa kuliko wanaocheka. Msichana alikuwa pale, amejaa kioo kizima. Machozi yalikuwa yameosha rangi yote. Walimwacha muda mrefu, mrefu mno.

"Nimemupata," Rodwell akasema, akampa simu.

Pierrette alikaa nayo mapajani. Aliikuza picha kwa vidole, akaipunguza, akaikuza tena. Mvua ilikuwa inapiga bati na hakuna aliyezima televisheni.

"Rodwell," akauliza, "huyu mutoto eko na miaka ngapi?"

Nilitaka kumziba mdomo. Rodwell alichungulia akajibu kama anayetaja bei ya sabuni. "Kumi. Ao kumi na moja."

Aliniangalia mimi. "Papa Keren. Wetu eko na ngapi sasa?"

"Kumi na tisa. Mwezi ya tatu atafika makumi mbili."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Toka siku gani?"

"Toka Benin."

Nilingoja anipige, ningeshukuru. Alimrudishia Rodwell simu yake, akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akasimama pale pale amenipa mgongo.

"Basi sura yake siijui tena," akasema. "Hata akipita hapa inje kesho, mi nitamuacha apite."

Nilitaka kumwambia kwamba mzazi hawezi kushindwa kumtambua mtoto wake, nikakumbuka ufukwe. Kila mtumbwi kutoka Congo unapofika hapa Kabuta mimi huacha kazi nikashuka ufukweni kuangalia wanaoteremka. Miaka minane nimewaangalia watoto. Wasichana wakubwa nimewapisha njia wapite na mizigo yao, na sikumtazama usoni hata mmoja.