Mashine Iliyopumzishwa Jumapili

Kompyuta mpakato ya kamati ya ardhi ya kijiji cha Mhembe ilikuwa na ratiba ya matengenezo: kila Jumapili saa nne asubuhi ijisasishe, ijikague virusi, ifagie takataka zake. Saa hiyo ilichaguliwa kwa kura. Jumapili saa nne kijiji kizima kiko kanisani, nani ataihitaji mashine? Mikono ikanyooshwa, hoja ikapita, watu wakaenda kula.

Kilichosahaulika ni kwamba mashine ilitunzwa kwa Bartolomayo, mzee wa kanisa, naye kila Jumamosi jioni aliizima na kuifungia sandukuni. Siku ya Bwana ng'ombe hafungwi jembe, na kwake mashine ilikuwa ng'ombe tu asiyekula majani. Kwa miezi kumi na mmoja matengenezo hayakufanyika hata mara moja.

Katibu wa kamati, Dorkasi, aligundua hilo Ijumaa, siku tatu kabla ya safari ya Dodoma. Kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa kubonyeza na kujuta. Akaona kisanduku kinachosema kazi iliyokosa saa yake ifanyike mara tu mashine itakapowashwa. Akakitia alama ya vema. Hakutaka kwenda mjini na chombo kibovu.

Ndani yake mlikuwa na picha za hati sitini na tatu za mashamba, zilizotolewa mwaka sabini na tano watu walipohamishiwa kijijini. Hati zenyewe zilishaliwa na mchwa. Ushahidi ulitakiwa upokelewe Dodoma, kwenye kamati ya malalamiko ya ardhi, Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Ikipita hapo jalada linafungwa, na mashamba yanapimwa viwanja vya watu wengine.

Jumatatu saa tano kasoro robo, mbele ya kamati hiyo, Mzee Bartolomayo kando yake, Dorkasi akawasha mashine. Vidoti vikazunguka, kisha yakaja maandishi: asilimia mbili, usizime.

"Nini hiyo?" akauliza mwenyekiti, Bwana Damas.

"Matengenezo, Mheshimiwa. Yalikuwa ya jana. Jana ilizimwa."

"Ilipumzishwa," Mzee Bartolomayo akasahihisha, bila haya.

"Kumbe nayo ina dhehebu!" Damas akacheka. Karani wake, Yasinta, akainamia karatasi kuficha meno.

Saa tano na dakika tano: asilimia tisa. Mashine ikajizima yenyewe, ikajiwasha, ikaanza kuhesabu upya.

"Izime kwa nguvu, mwanangu," mzee akanong'ona.

"Baba, nikiizima sasa huenda isiamke tena."

"Kwa hiyo?"

"Tunakaa."

Damas akatazama saa ya ukutani. "Mama, ofisi haiwezi kusubiri kompyuta. Kuna watu nje. Nafunga jalada, ninyi mtakata rufaa."

Dorkasi hakupandisha sauti. Hasira yake ilikuwa ya siku nyingi, na hasira ya siku nyingi haichemki. Hukaa ndani kama jiwe la kusagia.

"Tarehe kumi na nne Mei, elfu mbili na tisa, nilikuja dirisha lile pale. Nikaambiwa mtandao uko chini, njoo kesho. Nilirudi mara sita. Elfu mbili kumi na sita, mwezi wa pili, mlikuwa mnahamisha mfumo. Tukalala stendi siku mbili. Mwaka juzi, Agosti, mwenye neno la siri alikuwa likizo. Dirishani ulikuwa wewe, Bwana Damas, na shati la kijani. Kompyuta yenu tumeisubiri miaka kumi na tano. Mimi naomba dakika arobaini."

"Hayo hayahusiani."

"Sawa, hayahusiani. Dada Yasinta, naomba uandike kwenye muhtasari: walalamikaji walifika kwa wakati, na ushahidi mkononi, wakaomba dakika arobaini, mwenyekiti akakataa. Uandike na sababu."

Yasinta akamtazama mwenyekiti, kalamu hewani. Muhtasari ule ulikuwa unapelekwa juu, na huko juu yupo mtu ambaye kazi yake ni kuusoma. Damas alilijua hilo kuliko wote chumbani.

"Usiandike," akasema. "Tutasubiri."

"Basi andika kwamba tumesubiri," akasema Dorkasi.

Wakasubiri. Bartolomayo akasinzia, mikono juu ya fimbo. Asilimia sitini na moja ilikaa sana, hadi Damas mwenyewe akazunguka meza kuja kuichungulia. Saa sita kasoro dakika kumi na moja picha zikafunguka. Yasinta akazinakili kwenye kompyuta ya ofisi, akazihesabu, sitini na tatu, akaandika hati ya mapokezi na kuigonga muhuri.

"Haya. Tutawaandikia," akasema Damas.

"Lini?"

"Mtajulishwa, Mama."

"Dada Yasinta, na hilo..."

"Tarehe ishirini na nane!" Damas akadakia. "Tarehe ishirini na nane, saa tatu asubuhi."

Yasinta alikuwa ameshaanza kuandika.