Kuku wa Kamati

Kuku alikuwa bado anataga. Hilo ndilo lililomuuma Nvard alipomkanyaga mabawa nyuma ya kontena, theluji ikimfika magotini na kisu kikiwa baridi hata kinanata vidoleni. Alipompasua alikuta yai ndani, halijavaa gamba, laini kama jicho.

"Umemaliza?" mama mkwe wake aliuliza kutoka ndani.

"Nimemaliza, mama."

"Ana mafuta?"

"Ana yai."

Bati likakohoa. Kikohozi cha Bi Vergine kilikuwa hivyo: ukikisikia ukiwa nje, utadhani kontena lenyewe ndilo linaloumwa kifua.

"Basi watakula na yai," akasema.

Kontena hilo lililetwa kwa treni baada ya tetemeko la ardhi kuulaza mji wa Gyumri chini, asubuhi moja ya Desemba. Mtakaa miaka miwili tu, waliambiwa. Waliozaliwa humo sasa wananyoa ndevu. Leo kamati ya nyumba ilikuwa inakuja kujionea kwa macho yake. Katika jengo jipya la mawe mekundu, kule ng'ambo ya reli, ilikuwa imebaki fleti moja, na kamati ndiyo ingesema nani kati ya watu wa makontena hana kweli pa kuishi. Daktari alishamwambia Nvard mlangoni, kwa sauti ya chini: kifua hiki hakitavuka majira mengine ya baridi ndani ya bati.

Nvard alimtia kuku kwenye chungu pamoja na ngano ili aive taratibu mpaka nyama na ngano visahauliane majina. Harisa ni bokoboko la watu wasio na haraka. Kisha akatoka kwenda kwenye tanuri la shimo walilolichimba watu wa makontena kwa pamoja, akatandaza unga mwembamba kama kitambaa, akaupigiza ukutani mwa tanuri, akaubandua. Alipoingia na mikate mikononi Bi Vergine alikuwa ameketi kitandani, shali kichwani, macho yamechangamka.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Anakula magogo, anazaa mashuka."

"Tanuri, mama."

"Hunipi mji?"

"Nimeshakipata, mama. Mji sikupi."

Kitendawili kilikuwa kilekile tangu Nvard aolewe. Enzi hizo katika familia hiyo bibi harusi hakufungua kinywa mbele ya wakwe mpaka apewe ruhusa. Hata majirani walicheka, wakisema hayo ni mambo ya mababu, lakini Bi Vergine aliyashika. Vitendawili tu ndivyo alivyoruhusiwa kujibu. Ruhusa ya mengine ilipokuja, ulimi wa Nvard ulikuwa umeshazoea kulala.

"Hodi, wenye kasri!"

Alikuwa Aghavni, mjane wa kontena la pili, zulia begani. Alilibwaga chini.

"Hili hapa. Lilifukuliwa kwenye kifusi pamoja na mume wangu. Zulia likapona." Aliangaza huku na huku. "We! Ndoo unazipeleka wapi?"

"Nje," Nvard akasema. Alikuwa amebeba ndoo tatu za kukingia maji ya paa theluji inapoyeyuka. "Wageni wanakuja."

"Wageni? Mwanamke, hao ni kamati! Ndoo ndiyo shahidi wako, unamtupa nje? Na mimi mjinga nimeleta zulia la kufunika ukungu. Waonyeshe ukuta! Mfungue bibi kifua, wasikie kinavyopiga filimbi!"

"Wewe mwaka jana uliwaonyesha panya," Bi Vergine akasema. "Wakasemaje?"

Aghavni alijikuna pua.

"Si nakuuliza? Wakasemaje?"

"Walisema nimeshindwa kutunza bati, nitatunzaje mawe."

"Ehe."

"Lakini panya walifanya kazi yao, bibi. Wao hawana lawama."

"Sikiliza, Aghavni. Mama yangu alitoka Kars kwa miguu akikimbia mauaji, mtoto asiye na mtu. Akalelewa kwenye nyumba ya mayatima ya mji huuhuu, kwa sahani za watu. Akaapa: siku atakayopata meza yake, hakuna atakayeinuka hapo na njaa. Sitamwaibisha kwa sababu ya kamati. Nvard, tundika zulia."

Nvard alitundika zulia. Ukungu mweusi uliokuwa umepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kichwa ukatoweka nyuma ya maua mekundu. Mashimo ya panya akayaziba kwa matambara. Kuni hazikutosha, aling'oa milango ya kabati la mume wake Samvel, akaivunja kwa shoka, akaisokomeza kwenye jiko la chuma. Samvel alikwenda Urusi kujengea watu nyumba, akajijengea na yake, akaweka mke ndani. Kabati halikuwa na kazi tena. Jiko likawaka hata bomba likawa jekundu, na kwa mara ya kwanza msimu huo Bi Vergine akavua shali.

"Unaona?" akasema. "Nyumba ni moto."

Walikuja mchana, watu wawili. Bwana Gurgen, mkuu wa kamati, alikuwa mtu mwembamba mwenye viatu vya ngozi visivyoijua theluji. Nyuma yake alikuwa Mher, mhandisi kijana, mfuko wa vifaa kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani. Dereva alibaki garini.

"Aaa!" Gurgen alisimama mlangoni, akavuta hewa. "Harisa. Mama, umeniua. Mama yangu mzazi hanipikii hivi."

"Karibu mwanangu, karibu. Kaa pale juu."

Akakaa kwenye kichwa cha meza bila kuvua viatu. Nvard alipakua. Gurgen alikula kama mtu anayetimiza wajibu na kuufurahia. Aliukunja mkate kwa vidole viwili, akachota, akafumba macho. Jibini ikaenda, mboga za siki zikaenda. Mfupa wa paja la kuku aliufyonza mpaka ukang'aa. Aghavni alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono kifuani. Hakuna aliyemwambia aondoke.

"Na mwenye nyumba?" Gurgen aliuliza. "Mwanaume yuko wapi?"

Nvard alifungua kinywa.

"Yuko Urusi," Bi Vergine akawahi. "Rostov. Anafanya kazi."

"Anawakumbuka?"

"Mwanangu? Kila mwezi anatuma! Kila mwezi. Mwezi haukatiki."

Nvard aliangalia chungu. Kwa miaka mingapi Samvel hajatuma hata salamu, hilo mama mkwe alilijua kuliko yeye. Ndiye aliyekuwa akilia usiku ameelekea ukutani. Lakini mbele ya mgeni, mwanamke hasemi mwanawe amemtupa. Na mkwe hamkanushi mama mbele ya mgeni. Nvard akaongeza mchuzi.

"Hongera, mama. Watoto wa namna hiyo wamekwisha," Gurgen akasema, akimtupia jicho mhandisi.

Bi Vergine alikuwa ameiva kwa joto na heshima. "Haya, mwanangu, umeshiba, nikutegee. Kitendawili!"

"Tega, mama, tega!"

"Kadiri unavyomlisha, ndivyo njaa yake inavyozidi."

Gurgen alicheka. "Hicho rahisi. Moto."

"Kumbe moto!" Aghavni akasema pale mlangoni. "Mimi nilidhani kamati ya nyumba."

Mhandisi Mher alipaliwa na mkate. Gurgen hakugeuka. Aliendelea kutabasamu, ila tabasamu lilibaki mdomoni peke yake, kama kofia iliyosahauliwa msumarini.

"Huyu si yule wa panya?" akauliza. "Bado yu hai? Nvard, mimina."

Nvard alimimina pombe kali ya matunda ya forosadi. Gurgen akasimama. Kwa watu hao, glasi iliyoinuliwa kwa jina la nyumba hairudi mezani ikiwa imejaa. Anayeirudisha ameitakia nyumba msiba.

"Nimeingia majumba mengi," Gurgen akasema. "Nimeingia mahali pa marumaru, wakanipa chai baridi. Hapa nimekuta moto, mkate wa leo, mama mwenye nuru. Nanywea nyumba hii. Moshi wake usikatike. Mlango wake usifungwe. Isimame miaka mia!"

"Amina, mwanangu! Amina!" Bi Vergine alikunywa, machozi yakimtoka.

Mkono wa Nvard wenye glasi ulisimama hewani.

"Vipi, mke wa Samvel? Hunywei nyumba yako?"

"Kunywa, Nvard," Bi Vergine akasema, kwa sauti ileile ya zamani, ya siku za harusi.

Akanywa. Iliteremka kama msumari.

Gurgen akakaa, akajifuta midomo. "Mher, kazi."

Mhandisi alizunguka kontena. Hatua chache zilitosha. Aligusa mlango, akagusa dari. Alipofika kwenye zulia, alishika pembe yake ya chini akaliinua. Nvard alimwona akiuona ukuta: weusi wake, maji yake, manyoya yake ya ukungu. Kijana aligeuka, akamtazama Gurgen. Gurgen alikuwa akichokonoa meno, naye anamtazama yeye. Mher akaliteremsha zulia taratibu, akalinyoosha na kikunjo.

"Kuna nini huko?" Gurgen akauliza.

"Zulia, mkuu."

"La zamani?"

"La zamani. Zuri."

"Haya mama." Gurgen alivaa glavu. "Niseme kweli mbele ya mkate wako. Mimi nimeona watu wasio na pa kuishi. Ukiingia kwao unaona machoni. Hapa naona meza. Naona moto mpaka natoka jasho. Naona mwanaume anayetuma kila mwezi. Fleti moja, mama, na watu wote hawa! Nikiwapa nyinyi, Mungu ataniuliza."

Bi Vergine aliendelea kutabasamu, kama mtu aliyechelewa kusikia.

"Hatumi," Nvard akasema.

Sauti ilimshangaza mwenyewe.

"Samvel hatumi kitu. Ana mke huko. Kuku tulikuwa naye mmoja, ndiye huyo uliyemla. Moto ni kabati. Zulia si letu, la Aghavni. Inua zulia, bwana. Mwambie, kijana! Mwambie ulichokiona!"

Mher alikuwa anafunga mfuko wake, na zipu ilikuwa imekataa.

Gurgen alimgeukia Bi Vergine kwa upole mkubwa. "Mama, mkweo anasema wewe mwongo. Mezani pako. Ni kweli? Mwanao amekutupa?"

Kifua cha bibi kikapiga filimbi. Mikono yake ilitafuta shali, ikaikosa. Alimtazama Nvard, akamtazama yule mgeni mwenye mafuta ya kuku wake kidevuni.

"Mwanangu," akasema, "hutuma."

"Basi nimwamini nani?" Gurgen akamwuliza Nvard. "Aliyemzaa au aliyeachwa? Umeinywea nyumba hii sasa hivi, mikono yako miwili, mashahidi wapo. Miaka mia, tumesema. Unataka nikuondoe kabla ya miaka mia?" Akacheka kidogo, akainama, akambusu Bi Vergine mkono. "Mungu akuzidishie, mama. Harisa yako nitaiota."

Wakatoka.

"Dereva!" Bi Vergine akashtuka. "Nvard, dereva hajala! Mfungie mkate, ile nyama ya shingo, haraka!"

"Mama..."

"Mtu amekaa mlangoni kwangu kwenye baridi hajala! Mpelekee!"

Nvard alifunga. Mikono ilifunga yenyewe. Alitoka bila koti, akalifikia gari Gurgen akipanda. Ndani, toka kiti cha mbele hadi dirisha la nyuma, zililazwa fimbo za mapazia, mpya, vichwa vyake vya dhahabu vimetokeza nje na kufungwa kitambaa chekundu ili zisimchome mtu.

"Taratibu, mjomba, usizilalie," dereva alikuwa akimwambia Gurgen. "Tukitoka hapa tupitie kule ng'ambo ya reli. Mke wangu yuko kwenye fleti yetu mpya tangu asubuhi, anazisubiri." Akamwona Nvard, akashusha kioo. "Hii yangu? Oo, dada, Mungu akubariki. Bado ya moto!"

Gari likaondoka. Mher, kwenye kiti cha nyuma, alikuwa amekumbatia ncha za fimbo ili zisigongane.

Ndani, Aghavni alishaliteremsha zulia. Alikuwa amepiga magoti akikwangua kwa kucha tope la viatu vya Gurgen lililorukia pindo lake. Alilikunja, akalitia begani, akampita Nvard mlangoni.

Jiko lilikuwa bado linanguruma. Siku nyingine zote za baridi theluji ililala juu ya paa, ngumu, kimya, na dari haikudondosha hata tone. Leo kulikuwa na joto.

"Wameshiba?" Bi Vergine aliuliza.

"Wameshiba, mama."

"Na dereva?"

"Na dereva."

Tone la kwanza liliangukia kichwani mwa meza, ndani ya glasi ya Gurgen. Likalia kama kengele ndogo. La pili likaangukia mkate. Kisha paa lote likaanza, juu ya kitanda, juu ya chungu, juu ya shali ya bibi, na ndoo zote tatu zilikuwa nje zimejaa theluji. Nvard alikaa palepale. Hakwenda kuzichukua.

Bi Vergine alikohoa muda mrefu. Alipopata pumzi aliegemea ukuta mweusi, akafumba macho, akalazimisha ile sauti yake ya furaha.

"Kitendawili."

Glasi ya nyumba ilikuwa inajaa.

"Kitendawili, Nvard," akarudia.

Nvard hakusema tega.